Doa la Damu Hukanusha Vizuri Kuliko Linavyothibitisha

Tangu mwaka 2021, kila panapojadiliwa ushahidi wa madoa ya damu mahakamani, hurudiwa tarakimu moja: asilimia 11.2. Ilitokana na utafiti uliofanyika Marekani, ambapo wachambuzi 75 wanaoifanya kazi hiyo walipewa picha za mipangilio 192 ya madoa na kutakiwa kueleza kila mpangilio ulisababishwa na nini. Majibu yao yalifika 33,005, na pale ambapo watafiti walikuwa wanakijua chanzo halisi cha madoa, majibu 11.2 kati ya kila 100 yalikuwa ya makosa. Wapinzani wa taaluma hiyo waliipokea tarakimu hii kama hukumu ya mwisho: ikiwa jibu moja kati ya tisa ni kosa, wanasema, hakuna jaji anayepaswa kumfunga mtu kwa ushahidi wa namna hiyo. Watetezi wake wakaigeuza, wakasema kwamba karibu majibu tisa kati ya kumi hayakuwa na kosa, na kwamba mashahidi walioona kwa macho mara nyingi hawakifikii kiwango hicho.

Naona pande zote mbili zimeisoma tarakimu hiyo vibaya, na kwa sababu ileile. Asilimia 11.2 inapima hatua ya kwanza ya kazi, yaani kulitazama doa na kulipa jina: hili lilidondoka, hili lilirushwa na pigo, hili lilipakwa na kitu kilichogusa. Lakini watu hawafungwi kwa jina la doa. Hufungwa kwa simulizi inayojengwa juu ya jina hilo, kwamba muuaji alisimama hapa, kwamba alishika silaha kwa mkono huu, kwamba aliyevaa fulana hii ndiye aliyekuwepo pigo lilipotua. Hatua hiyo ya pili haimo ndani ya asilimia 11.2, kwa hiyo tarakimu yenyewe haiwezi kuiokoa wala kuiangamiza. Hoja yangu katika makala haya ni kwamba doa la damu lina nguvu pale linapotumiwa kuikanusha simulizi, na lina udhaifu mkubwa pale linapotumiwa kuithibitisha, na kwamba makosa mazito tunayoyajua yametokea kwa sababu mahakama zililitumia kinyume.

Tuanze na kile ambacho hakina ubishi. Methali yetu kwamba damu ni nzito kuliko maji ni kweli hata kwenye mizani, kwani lita moja ya damu ina uzito wa takriban kilo 1.06. Zaidi ya uzito, damu ina mnato mkubwa kuliko maji, na mnato huo hubadilika: ikisukumwa kwa kasi hulegea, ikitulia hushikamana. Tone linaposafiri hewani hujikunja likawa tufe, kwa nguvu ileile inayofanya umande ujikusanye juu ya jani la mgomba. Likianguka wima juu ya kigae huacha doa la mviringo. Likigonga kwa mshazari huacha doa lililorefuka, lenye umbo la duaradufu, na mkia wake huelekea kule tone lilikokuwa linakwenda. Upana wa doa hilo ukigawanywa kwa urefu wake hutoa sini, yaani uwiano wa kihesabu unaoitambulisha pembe ambayo tone liligonga nayo. Doa lenye upana wa milimita 4 na urefu wa milimita 8 liligonga kwa nyuzi 30. Mchambuzi akiyafanya hayo kwa madoa mengi yaliyotoka katika pigo moja, akavuta nyuzi kutoka kila doa kurudi nyuma, nyuzi hizo hukutana karibu na mahali damu ilipoanzia safari. Vilevile ukuta uliojaa madoa lakini ukaacha sehemu safi katikati unaonyesha kwamba pale palikuwa na kitu kilichoukinga, hata kama kitu hicho kimeshaondolewa. Yote haya yanaweza kurudiwa maabara na mtu yeyote mwenye subira, na matokeo yatakuwa yaleyale.

Hata hapo, hata hivyo, kuna mipaka ambayo shahidi makini anapaswa kuitaja mwenyewe kabla hajaulizwa. Doa lenye urefu wa milimita 5 likipimwa upana wa milimita 4.9 linatoa pembe ya karibu nyuzi 78. Likipimwa milimita 4.7 linatoa nyuzi 70. Tofauti ya sehemu mbili za kumi za milimita, ambayo ni ndogo kuliko unene wa kucha, imeisogeza pembe kwa nyuzi nane. Nyuzi zinazovutwa ukutani ni mistari iliyonyooka, ilhali tone halisi hupinda kwa sababu linavutwa na ardhi na kuzuiwa na hewa, na ndiyo maana njia hiyo huelekea kuweka chanzo cha damu juu zaidi ya pale kilipokuwa. Tofauti ya mtu aliyesimama na mtu aliyekwisha kupiga magoti inaweza kumezwa na kosa hilo. Nguo ni tatizo kubwa zaidi. Kitambaa hunywa damu, nyuzi za pamba huisambaza, na umbo la doa hufuata ufumaji badala ya kufuata mwendo wa tone. Watafiti waliopima jambo hili mwaka 2016 walikuta kwamba wachambuzi wenye uzoefu walikosea kuainisha asilimia 13.1 ya mipangilio iliyokuwa juu ya nyuso ngumu zisizonyonya, na makosa yalipanda hadi takriban asilimia 23 mipangilio ilipokuwa juu ya vitambaa. Ajabu ni kwamba katika baadhi ya kesi zilizoleta utata mkubwa, ushahidi uliobishaniwa ulikuwa juu ya nguo.

Historia inaeleza kwa sehemu jinsi taaluma hii ilivyofika mahakamani ikiwa imejiamini kupita uwezo wake. Mwaka 1895 Eduard Piotrowski wa Krakow alichapisha kazi kuhusu asili, umbo, mwelekeo na mtawanyiko wa madoa yanayotokana na mapigo ya kichwa, akitumia sungura katika majaribio yake, na mwaka 1939 Victor Balthazard wa Ufaransa pamoja na wenzake walieleza uhusiano wa umbo la doa na pembe ya mgongano. Hawa walikuwa watu wa maabara, na waliandika kama watu wa maabara. Mambo yalibadilika na kesi ya daktari Sam Sheppard wa Ohio, ambaye mkewe aliuawa nyumbani kwao Julai 1954. Sheppard alikwisha kutiwa hatiani Paul Kirk, profesa wa California, alipoingia katika chumba kile mwaka 1955, akapima madoa ukutani na kuandika kwamba muuaji alitumia mkono wa kushoto. Sheppard hakuwa wa mkono wa kushoto. Mwaka 1966 Mahakama Kuu ya Marekani ilibatilisha hukumu ya kwanza, si kwa sababu ya damu bali kwa sababu ya kelele za magazeti zilizoiharibu kesi; ikasikilizwa upya, Kirk akatoa ushahidi, na mshtakiwa akaachiwa huru. Kesi hiyo hutajwa kama siku ya kuzaliwa kwa uchambuzi wa madoa katika mahakama za Marekani, na ni vyema ikumbukwe kwamba ilizaliwa upande wa utetezi. Lakini kilema chake kilikuwepo tangu siku hiyo. Kupima ukuta na kusema mpigaji hakuweza kusimama mahali fulani ni jambo moja. Kumtaja kwa mkono anaoutumia ni jambo jingine kabisa, na mruko huo kutoka la kwanza hadi la pili haukupimwa na mtu yeyote.

Mtu aliyeisambaza taaluma hii ni Herbert MacDonell. Mwaka 1971 ripoti yake kuhusu mwendo wa damu hewani na mipangilio ya madoa ilichapishwa kwa msaada wa Wizara ya Sheria ya Marekani, na kuanzia mwaka 1973 alikuwa akiendesha mafunzo ya wiki moja. Maaskari waliohitimu wakarudi katika vituo vyao, baadhi yao wakawa walimu wa wengine, na kufikia mwaka 1983 walikuwa na chama chao cha kimataifa. Simlaumu kwa kufundisha. Ninachosema ni kwamba elimu iliyoanzia kwa watu waliokuwa wakirudia jaribio mara kadhaa kabla ya kuandika sentensi moja ilihamia, katika muda wa muongo mmoja hivi, kwa watu waliokuwa na saa 40 za darasa na cheti ukutani. Sasa wakawa wanaapishwa kama wataalamu, na kila mahakama ilipowakubali, mahakama iliyofuata ilitaja kukubaliwa kwao kama sababu ya kuwakubali tena.

Kesi ya Joe Bryan inaonyesha matokeo ya hali hiyo kuliko maelezo yoyote ya jumla. Oktoba 1985, katika mji mdogo wa Clifton, Texas, mwalimu wa shule ya msingi alikutwa nyumbani kwake ameuawa kwa risasi. Mumewe, Joe Bryan, mkuu wa shule ya sekondari, alikuwa Austin kwenye mkutano wa walimu wakuu, umbali wa kilomita zipatazo 190. Siku chache baadaye tochi ilipatikana katika buti la gari lake, na kwenye kioo cha mbele cha tochi hiyo kulikuwa na vidoa vidogo. Maabara iliweza kusema tu kwamba palikuwa na damu ya kundi O, kundi la marehemu, ambalo pia ni la karibu nusu ya watu wa nchi ile. Kutoka hapo mpelelezi wa mji mwingine, aliyekuwa na mafunzo ya saa 40, alilieleza jopo la raia wanaoamua kesi kwamba vidoa vile vilikuwa damu iliyoruka kurudi nyuma kutoka katika jeraha la risasi iliyopigwa kwa karibu, kwa hiyo muuaji alikuwa ameshika tochi mkono mmoja na bunduki mkono wa pili. Ndani ya gari hapakuwa na damu, na kwa kawaida jambo hilo lingeitia simulizi shaka. Badala yake likaelezwa kwamba muuaji lazima alibadilisha nguo na viatu kabla ya kuondoka. Msomaji aone kilichotendeka hapo. Damu iliyokuwepo ilihesabiwa kuwa ushahidi dhidi ya mshtakiwa, na damu isiyokuwepo nayo ikahesabiwa vilevile. Bryan alitiwa hatiani mwaka 1986, na tena mwaka 1989 baada ya kesi kurudiwa, akapewa miaka 99.

Mwaka 2018 tume ya Texas inayosimamia sayansi ya uchunguzi wa jinai ilitamka kwamba uchambuzi ule haukuwa sahihi na haukuungwa mkono na sayansi. Mpelelezi mwenyewe, kwa kiapo, alikiri kwamba baadhi ya hitimisho lake lilikuwa na makosa. Ungedhani jambo limekwisha, hasa kwa kuwa Texas ilikuwa na sheria tangu mwaka 2013 inayomruhusu mfungwa kuomba kesi mpya ikiwa sayansi iliyomfunga imeporomoka. Januari 2020 mahakama ya juu ya rufaa za jinai ya jimbo hilo ilimkatalia. Alitoka gerezani Machi mwaka huohuo, kwa uamuzi wa bodi inayoachia wafungwa kwa masharti, akiwa bado na jina la muuaji mbele ya sheria.

Nimeikawilia kesi hiyo kwa sababu wanaotaja asilimia 11.2 hawawezi kuieleza. Swali la vidoa vile kuitwa damu iliyorushwa lilikuwa dogo kuliko swali lililofuata, la jinsi mtu anavyoruka kutoka kidoa kwenye kioo cha tochi hadi mkono ulioishika, na kutoka mkono hadi umbali wa kilomita 190 usiku. Hata mchambuzi asiyekosea kamwe kulipa doa jina angeweza kutoa ushahidi uleule.

Kuna hoja tatu zinazotolewa kuitetea taaluma hii jinsi ilivyo, na hazina uzito sawa. Yenye nguvu zaidi inasema kwamba pasipo mchambuzi, picha za damu bado zitaonyeshwa mahakamani, na kila mtu atazitafsiri anavyotaka. Nakubaliana nayo. Yeyote aliyewahi kuchinja kuku uani anajua kwamba damu iliyo kwenye kanga ya aliyeshika miguu inaweza kuwa nyingi kuliko iliyo kwenye shati la aliyeshika kisu, lakini mtu huyohuyo akionyeshwa picha ya shati lenye damu mahakamani huyasahau yote anayoyajua. Kumwondoa mtaalamu hakuondoi tafsiri. Kunaiacha mikononi mwa hofu. Wanaotaka taaluma nzima itupwe wanapaswa kutueleza nani basi atamwambia jaji kwamba mtu aliyepiga magoti kumnyanyua majeruhi anaweza kutapakaa damu bila kumgusa na silaha.

Swali hilo lilipata sura kamili Uingereza. Februari 1997, mjini Hastings, msichana wa miaka 13 aliuawa kwa kupigwa na kigingi cha chuma cha hema. Juu ya nguo za baba yake wa kulea, Siôn Jenkins, kulikutwa vidoa 158, vingi vikiwa vidogo mno kuonekana kwa macho. Upande wa mashtaka ulisema vilirushwa na mapigo. Utetezi ulisema msichana alikuwa na hewa iliyobanwa mapafuni, na alipoguswa na kugeuzwa hewa hiyo ilitoka kwa nguvu puani, ikipuliza damu kama manyunyu. Jenkins alitiwa hatiani mwaka 1998. Ushahidi mpya kuhusu mapafu ulipoletwa, hukumu ilitenguliwa mwaka 2004, majopo mawili yaliyofuata yakashindwa kukubaliana, na mwaka 2006 akaachiwa rasmi. Mimi sidai kujua kilichotokea kwenye nyumba ile. Nadai tu kwamba vidoa 158 vilitoshea simulizi mbili, moja ya muuaji na moja ya mtu aliyejaribu kusaidia, na kwamba wingi wake, ambao ulionekana kuwa ndio uzito wa kesi, haukuongeza chochote katika kuchagua kati ya simulizi hizo. Pumzi hutoa vidoa vingi, na pigo pia hutoa vidoa vingi.

Hoja ya pili inasema kwamba maswali ya wakili wa upande wa pili yanatosha kumfichua mtaalamu dhaifu. Ingekuwa kweli kama kila mshtakiwa angekuwa na fedha za kumleta mtaalamu wake. Na hata anapokuwa nazo, jibu halipatikani kwa urahisi. David Camm, aliyekuwa askari wa jimbo la Indiana, alishtakiwa kumuua mkewe na watoto wake wawili Septemba 2000, ingawa mashahidi kadhaa walisema alikuwa akicheza mpira wa kikapu kanisani. Fulana yake ilikuwa na vidoa vinane. Wataalamu wa mashtaka waliapa kwamba vilirushwa na risasi. Wataalamu wa utetezi, wenye vyeti visivyopungua vya wenzao, waliapa kwamba viliachwa na ncha za nywele za binti yake, pale Camm alipoinama garini kumtoa mwanawe. Alitiwa hatiani mara mbili, mwaka 2002 na 2006, hukumu zote mbili zikatenguliwa, na mwaka 2013 jopo la tatu likamwachia. Wakati huo mtu mwingine, ambaye vinasaba vyake vilikuwa kwenye nguo iliyoachwa eneo la tukio, alikwisha kutiwa hatiani. Wataalamu wanapogawanyika namna hiyo juu ya vidoa vinane, jopo hubaki likichagua sauti iliyolivutia.

Ya tatu, ambayo ndiyo dhaifu kuliko zote ingawa husemwa kwa sauti kubwa kuliko zote, ni hoja ya uzoefu: mchambuzi amefika kwenye maeneo ya matukio mamia, macho yake yameona, na hakuna takwimu ya maabara inayoweza kuzidi macho hayo. Uzoefu hufundisha pale tu unapoleta majibu. Fundi wa magari anajua alikosea kwa sababu gari linarudi likiwa na mlio uleule. Daktari anajua kwa sababu mgonjwa hapati nafuu. Mchambuzi wa madoa anarudishiwa nini? Anarudishiwa hukumu, na hukumu hiyo mara nyingi imesimama juu ya maneno yake mwenyewe. Akisema mshtakiwa alirusha pigo na jopo likamwamini, hilo huingia katika kumbukumbu zake kama jibu la kweli, hata ikiwa ni uongo mtupu. Mtu anaweza kufanya kazi hiyo miaka 30 akajenga kujiamini bila kujenga usahihi. Zaidi ya hapo, majaribio ya mwaka 2016 yalionyesha kwamba maelezo ya kesi anayopewa mchambuzi kabla ya kulitazama doa huuvuta uamuzi wake, na mtu mwenye uzoefu ndiye aliyezoea zaidi kupewa maelezo hayo na wapelelezi anaofanya nao kazi. Chuo cha Taifa cha Sayansi cha Marekani kilipoandika mwaka 2009 kwamba mashaka yanayozunguka uchambuzi huu ni makubwa mno, na kwamba kwa jumla maoni ya wachambuzi hutegemea zaidi mtazamo wa mtu kuliko sayansi, kilikuwa kinaeleza taaluma iliyoishi kwa muda mrefu bila kurudishiwa majibu.

Sasa nirudi kwenye tofauti ya kukanusha na kuthibitisha, maana ndiyo inayobeba kila kitu. Mpangilio mmoja wa madoa unaweza kuwa na vyanzo vingi: pigo, risasi, pumzi, kikohozi, mguso, hata nzi wanaonyonya damu mbichi na kuitapika mahali pengine. Kwa hiyo kupatikana kwa mpangilio hakuthibitishi chanzo kimoja. Lakini simulizi inayotaka kitu kisichowezekana inaweza kuvunjwa na doa moja. Mshtakiwa akisema marehemu alianguka mlangoni na hakusogezwa, na matone ya mviringo yakakutwa mfululizo hadi jikoni, simulizi imevunjika, kwa sababu damu haitembei yenyewe. Najua nitaambiwa kwamba katika kesi ya Camm kila upande ulidai kukanusha: mmoja ulisema nywele haziwezi, mwingine ukasema risasi haiwezi. Ni kweli, na ndiyo sababu naongeza sharti. Kukanusha kunahesabika pale tu kunapoonyeshwa kwa jaribio ambalo limefanyika juu ya kitambaa cha aina ileile, na kurudiwa, na picha zake kuwekwa mbele ya mahakama. Anayesema haiwezekani kwa sababu hajawahi kuona hivyo hajakanusha kitu, ameeleza tu mipaka ya maisha yake.

Kwa wasomaji wa Afrika Mashariki jambo hili lina mguso wa pekee, kwa kuwa sheria yetu ilikwisha kulitamka kwa maneno yake yenyewe. Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki, katika shauri la Kipkering arap Koske la mwaka 1949, iliweka kanuni kwamba ushahidi wa mazingira hauwezi kumtia mtu hatiani isipokuwa uwe haupatani kabisa na kutokuwa kwake na hatia, na usiweze kuelezwa kwa dhana nyingine yoyote yenye mantiki isipokuwa hatia yake. Shauri la Simoni Musoke la mwaka 1958 liliongeza kwamba kabla ya kuhitimisha hatia lazima kuhakikishwe kuwa hakuna mazingira mengine yanayoudhoofisha au kuuvunja uhakika huo. Majaji wa Kenya, Uganda na Tanzania wananukuu kanuni hizi hadi leo. Doa la damu ni ushahidi wa mazingira katika maana kamili ya neno, na vidoa 158 vinavyotoshea simulizi mbili havivuki kizingiti cha mwaka 1949. Tena mahakama zetu zina faida ambayo Clifton haikuwa nayo: jopo la raia halitoi sababu, lakini jaji wetu huziandika, na rufaa inaweza kuuliza ni kwa hatua zipi alitoka kwenye doa hadi kwa mtu. Vifungu vya sheria za ushahidi vinavyoruhusu maoni ya mtaalamu, cha 48 nchini Kenya na cha 47 nchini Tanzania, vinayapokea kama maoni, na havimlazimishi jaji kuyafuata.

Hatari ninayoiona kwetu ni ya mpangilio wa kazi zaidi kuliko ya sheria. Kenya ilizindua maabara ya kitaifa ya uchunguzi wa jinai chini ya idara ya upelelezi mwaka 2022, na kila nchi ya ukanda huu inataka yake. Hilo ni jema. Lakini maabara inayokaa ndani ya idara ya upelelezi hupokea, pamoja na sampuli, jina la mshukiwa na dhana ya mpelelezi. Kwa vinasaba madhara yake yana kikomo, kwa kuwa mashine haisomi jalada. Kwa madoa mashine ni jicho la mtu, na jicho hilo huona kile kilichoambiwa kitafutwe. Kwa hiyo mchambuzi apewe picha na vipimo kwanza, aandike maoni yake na kuyatia saini, ndipo afunguliwe jalada. Na anayeyapitia maoni hayo asionyeshwe jibu la mwenzake kabla ya kuandika lake.

Jambo jingine ni la lugha tu, na halihitaji bajeti. Katika ripoti za namna hii hujaa maneno «madoa haya yanaendana na», kwa mfano, kupigwa risasi kwa karibu. Sentensi hiyo haisemi uongo, na ndipo ilipo hatari yake, maana msikilizaji huisikia kama «yanaonyesha». Jaji anaweza kuamuru kwamba kila ripoti iwe na safu mbili, ya kwanza ikitaja vyanzo vyote ambavyo madoa yanaendana navyo, ya pili ikitaja vile ambavyo jaribio limevikanusha, na kwamba shahidi asizungumze nje ya safu hizo. Tochi ya Clifton ingeandikiwa ripoti hiyo, safu ya kwanza ingetaja risasi, pumzi, kikohozi, mkono wenye jeraha na siku yoyote ambayo tochi ilishikwa na mtu wa kundi O. Safu ya pili ingebaki tupu.